Si kila ua jeupe la barabarani ni gugu karoti

Kila mvua za masika zinapokaribia kwisha, vijana wenye mafyekeo husambaa kandokando ya barabara zetu za vijijini. Wao hulipwa kwa mita walizofyeka. Lakini kuna mmea mmoja unaofaidika na kazi yao kuliko wao wenyewe, kuliko mkandarasi aliyewaajiri, kuliko hata dereva anayefurahi kuona kona imekuwa wazi. Mmea huo ni gugu karoti. Kwa wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, jina hilo si geni. Limeshatajwa kwenye mikutano ya hadhara, limeshasemwa redioni, limeshaandikwa kwenye mabango. Jina limefika kila kijiji. Sura yake ndiyo bado haijafika.

Mimi ni afisa mifugo mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimalizia Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako migomba na kahawa vimeshachukua ardhi yote na ng'ombe anafugwa ndani ya banda nyuma ya nyumba. Ng'ombe wa namna hiyo hayafuati majani. Majani humfuata yeye alipo. Mwenye kaeneo hupanda mabingobingo, lakini kiangazi kikibana, kila mtu hugeukia ukingo wa barabara. Ukipita asubuhi kati ya Tengeru na Usa River utawaona: mama na mundu, kijana na baiskeli iliyofunikwa na mzigo wa majani hadi usukani hauonekani. Kinachoota barabarani kinaliwa jioni na kukamuliwa kesho yake. Ndiyo maana mtu wa mifugo kama mimi alijikuta anainama kuchungulia vimaua ambavyo wenzake walivipita na pikipiki.

Ninachokisema leo ni hiki: asipewe mtu fyekeo, wala asiambiwe mtu ang'oe, kabla hajafundishwa kutofautisha mimea mitano au sita inayofanana. Somo lenyewe linamalizika kabla ya chai ya saa nne. Tukiliruka, tunalipa watu wasambaze kile tunachotaka kiishe.

Tuanze na mhusika mwenyewe. Wataalamu humwita Parthenium hysterophorus. Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika, upande wa Ghuba ya Meksiko. India walimwona akiota katika mji wa Pune mwaka 1956, na baada ya hapo akaenea karibu nchi nzima. Kenya aliripotiwa katika miaka ya 1970, kwenye mashamba ya kahawa. Kwetu Tanzania aliripotiwa mwaka 2010, jirani na Arusha, na tangu hapo amekuwa akisafiri kama asafirivyo msafiri yeyote, yaani kwa kufuata barabara.

Akiwa mchanga hana shina. Majani yake hulala chini, yamejipanga kwa duara, yamekatwakatwa kama ya karoti, na rangi yake ni kijani kilichofifia kuelekea kijivu. Yapapase kwa kidole kilichovikwa mfuko wa nailoni, utahisi manyoya laini. Hapo ndipo mahali pazuri pa kumkamata, na hapo ndipo watu wengi wanapompita, kwa kuwa hana ua na mtu wa kawaida hutambua mmea kwa ua. Baadaye shina hupanda, lina mifereji inayotoka chini kwenda juu, linakuwa gumu, linagawanyika matawi mengi kuelekea kileleni. Anaweza kufika kiuno cha mtu mzima au kukipita. Maua ni madogo sana, upana wa kichwa cha njiti ya kiberiti, meupe yenye weupe wa maziwa. Ukilitazama ua moja kwa karibu utaona lina pembe tano, kila pembe ikiwa na kipetali kimoja kifupi. Katikati pia ni peupe. Hakuna njano. Shika sana neno hilo, kwa sababu litatusaidia mbele.

Mche mmoja tu unaweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi. Kutoka kuota hadi kuchanua hupita wiki nne hadi sita kama unyevu upo. Mbegu zake ni ndogo, nyepesi, zinashika kwenye tope, na zikifukiwa ardhini hukaa miaka kadhaa zikisubiri zamu yao. Ndani ya mmea mna kemikali iitwayo parthenini. Hiyo ndiyo inayowatoa watu vipele na kuwawasha ngozi. Chavua yake nayo huwasumbua wenye mafua ya mzio na pumu. Tena gugu hili hutoa kemikali udongoni zinazodhoofisha mimea ya jirani, likabaki peke yake pale palipokuwa na nyasi.

Sasa tazama anaofanana nao.

Wa kwanza ni kishona nguo. Huyu kila mtoto aliyekulia kijijini anamjua kwa mateso ya vile vijisindano vyeusi vinavyoganda kwenye soksi na suruali. Lakini mjue kabla ya vijisindano. Ua lake lina kitovu cha njano, na pembeni vipetali vichache vyeupe, mara nyingine havipo kabisa. Shina lake lina pembe nne. Lizungushe kati ya vidole utazihisi. Majani yake yamegawanyika vipande vitatu hadi vitano, na hutoka shinani mawili mawili yakitazamana. Gugu karoti hapandi hivyo: lake moja huku, jingine kule juu zaidi, yanapishana. Kishona nguo anasumbua shambani, sikatai. Lakini sungura wanampenda, nyuki wanamtembelea, na majani yake machanga ni mboga. Mafuriko ya gugu karoti yakija, mimea ya aina hii ndiyo inayopotea kwanza, na watu wanaongeza kasi ya kupotea kwake kwa kuing'oa kimakosa.

Wa pili ni kale kammea kadogo laini ka bustanini, kanakopenda mahali penye samadi na kivuli, ambako wataalamu hukaita Galinsoga. Huyu ndiye anayewachanganya wengi zaidi ya wote, maana ua lake ni dogo na lina vipetali vyeupe vitano, kama vile gugu karoti lina pembe tano. Mtu akiambiwa "ua dogo jeupe lenye pembe tano," anaingia bustanini kwake na kufyeka lote. Tazama tena: katikati pana njano, na kila kipetali kimechongwa ncha tatu. Majani yake ni mapana, hayakukatwakatwa, na yanatazamana. Asili yake ni milima ya Andes, na kule Bogotá, Kolombia, wanayakausha majani yake na kuyatia kwenye supu yao maarufu ya viazi iitwayo ajiaco. Sisi tunaiita takataka. Kila nchi na mboga yake.

Kuna Tridax, anayependa maeneo makavu na pwani, na huyu hana shida: ua moja moja juu ya kikonyo kirefu chembamba, kitovu cha njano. Tumpite.

Bangi mwitu ni mjadala mwingine. Majani yake nayo yamegawanyika, na mtu aliye kwenye bodaboda hawezi kumtofautisha na gugu karoti kabla ya maua. Ukishuka, pua itamaliza ubishi. Harufu ya bangi mwitu ni kali, huganda mikononi hadi jioni, na ndiyo sababu akina mama huyafikicha na kuyatandika bandani mwa kuku kufukuza viroboto. Mpasuko wa jani lake ni wa vipande virefu vyembamba vyenye meno kama ya msumeno, na maua yake ni vijibomba vyembamba vya rangi ya njano iliyochanganyika na kijani, vimesimama kwa vishada. Hakuna weupe.

Lakini anayenitia wasiwasi mkubwa ni atemisia. Mmea huu, Artemisia annua, umelimwa Arusha kwa miaka mingi kwa ajili ya dawa ya malaria. Mwanasayansi wa China aliyegundua dawa hiyo, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kisha ikaja korona, na mwezi Mei 2020 serikali yetu ikatuma ndege Madagaska kuchukua kinywaji kilichotengenezwa kwa mmea huo. Tangu siku zile jina la atemisia liko midomoni, na mara kwa mara nimesimamishwa na watu wameshika matawi wakiniuliza, "Daktari, hii si ndiyo ile ya Madagaska?" Baadhi ya matawi hayo yalikuwa gugu karoti. Fikiria mtu anachemsha sumu ile na kuinywa asubuhi na jioni akiamini anajikinga. Wote wawili wana majani yaliyokatwakatwa, na kwa wote wawili majani yanapishana, kwa hiyo kanuni ya majani mawili mawili haisaidii hapa. Kinachosaidia ni harufu na rangi ya ua. Atemisia ukiifikicha inanukia vizuri, harufu ya dawa, na vimaua vyake ni vya njano, vidogo, vinainama chini. Gugu karoti halinukii hivyo, na ua lake ni jeupe na linatazama juu. Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme wazi: hata ukiwa na hakika ni atemisia, dawa ya malaria hutolewa hospitali baada ya kipimo. Usichume dawa barabarani.

Karoti yenyewe na giligilani zilizojiotea baada ya mavuno nazo hudhaniwa gugu. Fikicha jani unuse, jiko litakujibu. Zikiachwa zichanue, maua yake hukaa kama mwavuli uliofunguliwa, vikonyo vyote vikitoka sehemu moja.

Msomaji makini ataona kwamba karibu wote niliowataja ni wageni. Kishona nguo alitoka Amerika, Galinsoga alitoka Amerika, bangi mwitu alitoka Amerika ya Kusini, Tridax vilevile. Hata yale maua makubwa ya njano yanayopendezesha kingo za barabara, yale tunayoyaita alizeti pori, yalitoka Meksiko. Nimewasikia viongozi wakihutubia kwamba kila kigeni kinachoota barabarani king'olewe. Basi tuanze na mahindi, tumalizie na maharage, kwa sababu nayo yalitoka hukohuko. Ugeni peke yake hauhukumu mmea. Alizeti pori ukiyakata machanga na kuyafukia shambani ni mbolea nzuri; watafiti wa magharibi mwa Kenya waliyafanyia kazi sana katika miaka ya 1990, na wakulima wa huko wanajua thamani yake. Hata yeye akiachiwa huziba njia na kuvamia mashamba yaliyolala, lakini hatoi mtu vipele, wala haharibu maziwa. Kinachohukumu ni tabia ya mmea mahali ulipo, na tabia huijui mpaka umjue mwenyewe kwa sura.

Nimetaja maziwa. Mama mmoja wa upande wa Nkoaranga alinijia akilalamika kwamba kituo cha kukusanyia maziwa kimemrudishia ndoo yake kwa mfululizo. Maziwa machungu. Walimshuku kwamba ametia kitu, na akina mama wenzake kwenye kikundi wakaanza kumtazama vibaya. Nilimpima ng'ombe: kiwele kizima, hana homa, anakula. Nikaomba nioneshwe majani. Alikuwa ameyakatakata vizuri kwa panga, kayachanganya na pumba, na ndani yake mlikuwa na vipande vya shina lenye mifereji na vimaua vyeupe ambavyo hata vilipokatwa havikupoteza rangi. Ng'ombe akiwa malishoni huliepuka gugu karoti mpaka njaa imlazimishe. Lakini ukimkatia na kumchanganyia, unamnyang'anya uwezo wa kuchagua. Parthenini hupita hadi kwenye maziwa na kuyatia uchungu. Nyama nayo huharibika ladha, na mnyama akila kwa wingi anaweza kufa. Mama yule aliacha kukata majani upande ule wa barabara, na maziwa yakarudi kuwa maziwa. Lakini sifa yake kwenye kikundi ilichukua muda mrefu zaidi kurudi, na hilo hakuna aliyemwomba radhi.

Swali lililobaki nami ni jinsi gugu lile lilivyofika pale. Barabara ile ilikuwa imekwanguliwa na kujazwa kifusi miezi michache kabla. Kifusi hutoka machimboni, na ukienda kwenye machimbo mengi ya kifusi utalikuta gugu karoti limesimama juu ya kingo, linapukutishia mbegu zake ndani ya mzigo unaopakiwa. Lori linamwaga, greda linasawazisha, mvua inanyesha, na kijiji kinapata barabara mpya pamoja na mgeni ambaye hakuwa kwenye mkataba. Ndiyo maana mara nyingi huanzia kwenye bega la barabara, kisha anashuka na maji ya mtaro, kisha anaingia shambani. Ukitaka kujua kama kijiji chako kimeingiliwa, usianze na mashamba. Anza kwenye makutano ya barabara, kwenye kituo cha malori, chini ya daraja.

Halafu linakuja fyekeo. Nilisimama kuongea na kijana mmoja aliyekuwa akifyeka ng'ambo ya mtaro.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huo unaofyeka unaujua?"

"Majani tu hayo, mzee. Bosi anataka pawe peupe."

Alikuwa amekunja mikono ya shati, na mikono yote miwili, kutoka kifundo hadi kiwiko, ilikuwa na vipele vyekundu. Nikamuuliza. Akasema ni jua, au labda ile sabuni mpya. Wenzake wawili nao walikuwa wanajikuna. Hakuna aliyewaambia. Nilipomwonesha tofauti kati ya mche wa gugu karoti na kishona nguo kilichokuwa kimeota kando yake, alishika haraka kuliko wahitimu wengi niliowahi kuwafundisha. Alizungusha mashina yote mawili kwa vidole akiwa amevaa mfuko wa nailoni, akacheka, akasema, "Kumbe hili lina mistari." Kisha akanitajia sehemu nne za barabara ileile ambako amelifyeka wiki hiyo. Kijana yule, kwa dakika chache tu za maelezo, aligeuka kuwa mtu mwenye taarifa bora zaidi kuhusu gugu karoti katika kata nzima. Hakuna ofisi iliyokuwa imemuuliza.

Tatizo la kufyeka ni hili. Gugu karoti likikatwa haliishi. Huchipua tena kutoka shina la chini, na safari hii linachanua karibu na ardhi, chini ya mahali linapopita fyekeo. Kama limeshakomaa, kila pigo linarusha mbegu. Nyingine hubaki kwenye chuma, kwenye viatu, kwenye tope la matairi ya gari linalowabeba vijana kwenda kijiji kinachofuata. Nyasi nazo, ambazo ndizo zingelibana likose nafasi, zimekatwa pamoja nalo, na kwa mwanga ule uliopatikana gugu huota upya haraka kuzipita. Mkandarasi anakaguliwa kwa usafi wa macho, anapita. Mwezi mmoja baadaye ukingo ni mweupe kwa vimaua.

Kulimaliza kunataka kung'oa pamoja na mzizi, wakati udongo una unyevu, kabla halijachanua. Anayeng'oa avae glavu au mifuko migumu ya nailoni, shati la mikono mirefu, na barakoa. Mwenye pumu asiguse kabisa. Lililokwisha kuchanua lifungwe kwenye gunia na kuchomwa palepale, lisiburutwe barabara nzima. Baada ya hapo paachwe nyasi zishike, au zipandwe, kwa sababu udongo ulio wazi ni mwaliko. Kuna nchi, India na Australia miongoni mwao, zilizoleta mbawakavu wanaokula majani ya gugu hili pekee. India iliwaachia mwaka 1984. Wamesaidia kiasi, hawakumaliza kazi. Mdudu hafanyi kazi ya kijiji.

Nina ugomvi pia na zile kampeni za shule. Nimeona wanafunzi wa darasa la tano wametolewa nje, mikono mitupu, wakaambiwa wang'oe "maua meupe." Rundo lililokusanywa nililipekua kwa fimbo. Kishona nguo kilikuwa kingi, Galinsoga ilikuwepo, kulikuwa na mboga za mtu, na gugu karoti lilikuwa miche michache tu, tena iliyokomaa, iliyobebwa kifuani na watoto kutoka uwanjani hadi shimo la taka. Mwalimu mkuu alipigwa picha mbele ya rundo. Mimi nasema mtoto afundishwe kulitambua, na afundishwe vizuri, maana jicho la mtoto ni kali na halichoki. Lakini asiling'oe. Akiliona amwambie mtu mzima. Kazi ya mkono wa mtoto iwe ni kunyoosha kidole.

Wapo watakaosema siku hizi kuna simu. Unapiga picha, programu inakujibu jina. Nazitumia, ni nzuri, na kwa ua lililochanua vizuri hujibu sawasawa mara nyingi. Lakini mche wetu hatari ni ule usio na ua, uliolala chini umejaa vumbi la barabara, na programu haina vidole vya kuzungusha shina wala pua ya kunusa jani lililofikichwa. Simu ikusaidie kuuliza. Hukumu itoke kwenye mmea ulio mkononi.

Na lisichukuliwe kwamba macho yetu yanahitajika kwa weupe tu. Kwenye njano kuna mtego mwingine kwa wafugaji. Jamii ya marejea, yenye maua ya njano ya umbo la ua la kunde na maganda yanayolia ndani yakikauka, ina ndugu wengi barabarani. Wapo wanaoliwa, Kenya ya magharibi wanapika majani ya mmojawapo, mitoo, na kuyauza sokoni. Marejea yenyewe imerutubisha mashamba mengi ya kusini. Lakini miongoni mwa ndugu hao wamo wenye sumu inayoharibu ini la ng'ombe na farasi polepole, na kwa mbali wote ni njano ileile. Hilo linataka makala yake.

Ninachoomba si kikubwa. Halmashauri inapoandika mkataba wa kufyeka, iongeze kifungu kwamba vijana watafundishwa kabla ya siku ya kwanza, watapewa glavu, na gugu karoti litang'olewa kabla ya fyekeo kupita. Machimbo ya kifusi yakaguliwe kabla lori halijapakia. Malipo yazingatie kilichoondolewa, sio urefu wa mita peke yake. Na kila ofisi ya kijiji iwe na ubao wenye mimea mitano iliyokaushwa: gugu karoti, kishona nguo, Galinsoga, bangi mwitu na atemisia, majina chini yake. Hatuhitaji kusubiri mradi. Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, iko hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, imejaa mimea ya nchi hii iliyohifadhiwa kwa mbinu ambayo yeyote anaweza kuianza nyumbani: unaubana mmea kati ya karatasi za gazeti, unaweka uzito juu, unabadilisha karatasi mpaka ukauke.

Gazeti unalo mkononi. Mvua za vuli zikianza, vaa glavu, chukua tawi moja la kila mmea kati ya hiyo mitano, na la gugu karoti lichukue kabla halijatoa mbegu. Ukishayakausha, yafunike kwa nailoni angavu ili lile gugu lisimguse mtu, andika majina, na umpelekee mtendaji wa kijiji chako ayabandike mlangoni kabla vijana wa mafyekeo hawajafika.